Zizi la Wenye Miguu Miwili

Mgomba ulikuwa umekwisha kuchaguliwa. Rwegasira aliuchagua mwenyewe, akiuzunguka na kuupima kwa macho kama fundi anayempimia mtu suruali: unene wa kutosha, urefu wa kutosha, hauna doa. Jumamosi ungekatwa, uviringishwe shuka nyeupe, uzikwe nyuma ya nyumba kando ya kaburi la marehemu kaka yake, na ungeitwa Mujuni. Ndivyo walivyofanya watu wa kwao Muleba tangu zamani kwa mtu aliyefia mbali na mwili wake usionekane. Mgomba hushika nafasi ya mwili, watu wakalia, wakanyoa nywele, mambo yakaisha.

Jovita hakutaka mambo yaishe. Mujuni alikuwa mwanawe wa pekee. Serikali ilimpeleka Ujerumani mwaka wa sitini na tisa kusomea uganga wa mifugo, na siku ya kuondoka kijiji kizima kilimsindikiza hadi barabarani kwa ngoma, kana kwamba anakwenda kuoa. Barua zilikuja miaka mitatu. Mwaka wa sabini na mbili zikakoma, kama mvua inavyokoma, bila kuaga. Kisha akarudi mtu mmoja kutoka huko akasema alisikia Mtanzania fulani amekutwa amekufa kwenye theluji. Jina hakulijua. Lakini maneno yasiyo na jina ndiyo yanayotembea haraka.

Na hapa msomaji aelewe jambo moja. Mjane wa Kihaya hukaa kwenye kibanja, yaani shamba la migomba na kahawa linalozunguka nyumba, kwa mgongo wa mwanawe. Mwana akiwapo, hata akiwa mbali, mama yupo kwake. Mwana akizikwa, hata akizikwa kama mgomba, kibanja kinarudi kwa ukoo wa mume, na mama anafunga mkeka wake arudi kwa kaka zake, azeeke kwenye kona ya jiko la mwanamke mwingine. Hayo Jovita aliyajua. Rwegasira naye aliyajua, ingawa hakuyasema.

Tusimsingizie Rwegasira, hakuwa mtu mbaya. Watoto wake wawili waliugua mwaka ule, mmoja baada ya mwingine, na yeye aliamini kabisa kwamba mtoto wa kaka yake asiyezikwa anazungukazunguka akitafuta mlango. Alitaka kumfungulia.

Basi Jumatatu ya juma lile lile, Januari ya sabini na tano, kikaja kifurushi kwa sanduku la posta la parokia. Kilikuwa bapa, kipana kama ungo mdogo, kimeandikwa jina la Jovita kwa mwandiko ambao hakuujua. Ndani hakukuwa na barua. Kulikuwa na santuri kubwa katika jalada jeusi, na juu ya jalada picha ya ng'ombe aliyevaa koti, ameketi mezani, mbele yake sahani, na kwenye sahani kiatu cha mtu.

Rwegasira alilitazama jalada, akarudi nyuma hatua moja.

"Mulamu," alisema, maana ndivyo Wahaya wanavyomwita shemeji, "hiki kitu kisilale ndani ya nyumba."

"Kitalala," Jovita akasema. "Kimeandikwa jina langu."

"Kimeandikwa na nani?"

"Ndiyo nataka kujua."

Muleba kwao hakukuwa na gramafoni. Gramafoni ilikuwa Bukoba, Kashai, kwa mama mmoja aitwaye Shamsa aliyekuwa na hoteli ya chai na samaki. Jumatano asubuhi Jovita akakifunga kifurushi kwa kanga yake mpya, akapanda basi. Rwegasira akapanda naye. Alisema hawezi kumwacha mke wa kaka yake aende peke yake na kitu kama kile. Ukweli ni kwamba alitaka kusikia kwa masikio yake, asije akaletewa hadithi.

Maandishi ya jalada yalikuwa ya Kijerumani. Kwa hiyo kabla ya Kashai walipitia Hamugembe kumchukua Mzee Nathanieli, Mlutheri wa miaka sabini na kitu, aliyekuwa seremala wa wamisionari wa Kijerumani tangu ujana wake mpaka vita vya pili vilipowaondoa. Walimkuta anapiga randa ubao. Jovita akapiga magoti akamsalimu, akamweleza shida yake. Mzee akawapa buni za kutafuna, kama inavyompasa mwenye nyumba, naye akatia zake mdomoni akasoma jalada akiwa ameliweka mbali na macho.

"'Zizi la Wenye Miguu Miwili,'" alisema. "Hilo ndilo jina lake."

"Miguu miwili ni kuku," Rwegasira akasema.

"Ni wewe pia, Ta Rwegasira," mzee akasema, kwa lile "Ta" ambalo Wahaya humwitia mwanamume kwa heshima.

Hotelini kwa Shamsa wakati ule wa alasiri walikuwapo wateja watano au sita. Shamsa alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, ambaye gramafoni yake ilipiga dansi kuanzia asubuhi hadi kufunga. Alipoelezwa, aliifuta mikono kwa aproni, akaitoa santuri kwenye jalada kwa ncha za vidole, akaipuliza.

"Ma Jovita, huyu ni mwanao ameimba?"

"Sijui. Ndiyo nimekuja kusikia."

"Haya. Lakini ikiwa ni mahubiri nitaizima. Watu wanakunywa chai."

Hayakuwa mahubiri. Kwanza hapakuwa na kitu, ila mkwaruzo wa sindano. Kisha yakaja maji yanayodondoka, tone, tone, mahali penye mwangwi. Mnyororo ukaburutwa sakafuni. Halafu kwato, nyingi, zinakanyaga saruji bila kwenda popote, na chini ya kwato hizo mashine ikawa inavuta pumzi na kuachia, inavuta na kuachia, kama mgonjwa wa kifua. Wateja wakaacha kuzungumza. Sauti ya mwanamume ikaanza kusema, polepole, bila kuimba.

"Anasema nini?" Jovita akauliza.

Nathanieli alikuwa ameinamisha sikio. "Anasema, mimi ni ng'ombe. Asubuhi wananihesabu. Jioni wananihesabu. Miaka minne sasa, na hakuna aliyeniuliza jina."

"Ng'ombe gani hana jina?" Jovita akasema.

"Wa huko. Wana namba, imebanwa sikioni. Niliwahi kuambiwa nikadhani ni utani."

Wimbo wa pili ulikuwa wa nguruwe. Kelele zake zilichanganywa na kwaya ya kanisa hata hukujua ni nani anayeomba na ni nani anayelia. Mteja mmoja akainuka akaacha chai yake nusu. Wa tatu ulikuwa wa mbwa anayelinda nyumba ambayo hajawahi kuingia. Huo Nathanieli aliutafsiri wote, na Shamsa akacheka kidogo akasema anamfahamu askari mmoja wa doria aliye hivyo hivyo. Lakini wa nne haukuwa na mtu wa kucheka. Kilisikika chuma kikinolewa. Pumzi. Chuma tena. Gitaa moja lilikuwa likilia noti ile ile, sauti ikizidi, ikizidi, mpaka meno yakauma. Sauti ikasema jambo kwa utulivu sana.

Nathanieli akageuza uso akatazama mlangoni.

"Mzee," Jovita akasema.

"Hiyo siwezi kuitafsiri mbele ya mama."

"Nimezaa, nimezika mume. Nitafsirie."

Mzee akajikuna kidevu. "Anasema, mtu aliyeshika kisu ana mikono laini. Ananipapasa shingoni kama mama. Hilo ndilo lililonitisha."

Upande wa kwanza ukaisha. Santuri ikawa inazunguka bure, sindano ikipiga tik, tik, na Rwegasira akainuka kwenye benchi.

"Nimesikia ya kutosha," alisema. "Mulamu, hukusikia? Hao ni wafu. Hakuna aliye hai anayeongea hivyo. Mwanetu amekwisha kufika huko, nao wametutumia sauti ya mahali alipo."

"Wafu hawatumii posta, Ta," Shamsa akasema.

"Wewe unauza samaki, utajua nini?"

"Najua stempu. Mfu atailamba kwa ulimi gani?"

Mmoja wa wateja akacheka, lakini Jovita hakucheka. Moyo wake ulikuwa mzito kama mtungi uliojaa. Alikuwa amesikiliza kila sauti, kila pumzi, akimtafuta mwanawe humo kama unavyotafuta punje ya mchele kwenye mchanga, na hakumwona. Sauti ile iliyosema haikuwa yake. Ilikuwa ya Mjerumani. Ndipo wazo likamjia, baridi, kwamba labda Rwegasira amesema kweli. Labda huu ni urithi tu, mali ya marehemu, iliyokusanywa na rafiki mwema asiyejua jinsi ya kuandika barua ya msiba.

"Geuza," alimwambia Shamsa.

"Ma Jovita, wateja wangu wamebaki wawili."

"Geuza, mwanangu. Nimetoka Muleba."

Shamsa akageuza.

Upande wa pili mambo yalikuwa yamepinduka. Zizini sasa walikuwa watu. Nathanieli alieleza kadiri alivyosikia: watu wamefungwa kwa safu, wanapewa chakula saa zao, na wanyama wamevaa makoti wanapita wakiandika kwenye daftari. Nyani ni daktari, anawafungua watu midomo anawatazama meno. Mbuzi ni karani. Watu wanajaribu kusema majina yao, lakini kinachotoka midomoni ni mlio tu, na mbuzi anaandika: "Huyu ana kelele." Mashine ile ya kifua ikarudi, mara hii kubwa, na juu yake zikaja ngoma za chuma, na kwato, na kwaya, na chuma kinachonolewa, vyote pamoja, hadi vikombe vya Shamsa vikawa vinacheza rafuni. Rwegasira alikuwa ameshika rozari yake. Nathanieli alikuwa amefumba macho. Mtu aliyekuwa anapita njiani alisimama mlangoni akatazama ndani kuona kama kuna ugomvi.

Kisha vyote vikakatika.

Kimya hicho kilikuwa kirefu. Shamsa alinyoosha mkono kuinua sindano akidhani imekwisha, na Jovita akamshika kifundo.

Ndani ya kimya kile zikasikika nyuzi za nanga. Siyo gitaa: nanga, ile ala ya Wahaya ya kulaza mapajani, nayo ilipigwa vibaya, na vidole vya mtu ambaye hakufundishwa bali alitazama tu wengine wakipiga. Na juu yake mtu akawa anaita. Hakuimba. Aliita kama unavyoita jioni ukiwa umesimama kwenye ukingo wa rweya, lile pori la nyasi wanakolisha mifugo, ukiwa na fimbo begani na njaa tumboni: sauti tatu za chini, na moja ndefu inayokwenda mpaka ng'ombe wainue vichwa.

"Bihogo, ija. Bihogo, ija owaitu."

Njoo kwetu, ndiyo maana yake, na Bihogo alikuwa ng'ombe wa Jovita. Jovita alikuwa amesimama bila kujua amesimama saa ngapi. Hivyo ndivyo marehemu mume wake alivyoita, kwa kuivuta ile ya mwisho puani kidogo, na hakuna mtu mwingine duniani aliyejifunza kuita hivyo ila mtoto mmoja aliyekuwa akimfuata nyuma.

"Ni yeye," alisema. "Ni yeye huyo."

Sauti ikaita tena. "Bihogo, ija. Azimio, ija. Azimio, ija owaitu."

Halafu mlango wa chuma ukasikika ukifunguliwa, na nyayo, hujui ni za watu au za nani, zikitoka nje taratibu kwenye nyasi. Santuri ikaisha.

Rwegasira alikuwa na machozi, hakuyaficha. Lakini mtu aliyekwisha kuchagua mgomba hauachi kirahisi.

"Ni sauti yake, sikatai," alisema. "Mungu ampumzishe. Lakini mulamu, sauti si mtu. Redioni kila siku tunasikia nyimbo za watu waliokwisha kuoza. Wamemnasa sauti, kisha akafa. Mashine haijui kwamba amekufa."

Jovita aliketi. Akautazama uso wa shemeji yake, akasema taratibu:

"Ta Rwegasira, Azimio ni nani?"

"Ni ndama wa Bihogo. Unaniuliza nini wewe?"

"Alizaliwa lini?"

"Mwaka jana. Februari tano. Watu wote walikuwa kwenye maandamano ya Azimio la Arusha, na mimi niko zizini kwako mikono imejaa damu, namvuta miguu. Balozi wa nyumba kumi alinigombeza mpaka jioni. Si ndiyo maana tukamwita hivyo?"

"Na barua ya mwisho ya Mujuni ilikuja lini?"

"Mwaka wa sabini na..." Rwegasira akaacha mdomo wazi.

"Na mbili," Jovita akamalizia. "Ndama hata mimba yake ilikuwa bado haijatungwa. Sasa nani alimwambia Mujuni kuna ng'ombe anaitwa Azimio?"

Rwegasira alitazama santuri. Akamtazama Nathanieli, kana kwamba Mlutheri yule angeweza kumsaidia.

"Ni mimi," Jovita akasema. "Mwaka jana, Machi, darasani kwenye kisomo cha watu wazima. Mwalimu alisema kila mtu aandike barua, nami nikaandika ya kwangu kwa anwani ile ya zamani. Mistari minne. Hujambo, mimi sijambo, Bihogo amezaa, tumemwita Azimio. Hakujibu. Nikadhani imepotea. Kumbe ilifika, na mtu aliisoma, na mfu hasomi barua."

"Mungu wangu," Shamsa akasema kwa sauti ndogo, akaenda kuleta chai bila kuagizwa.

Nathanieli wakati huo alikuwa amegeuza jalada, analisogeza na kulirudisha kutafuta mwanga. Nyuma yake kulikuwa na maandishi madogo madogo, na picha za wale waliopiga, kila mmoja kama ukucha. Mmoja wao alikuwa mweusi, amekonda, ana ndevu. Jovita hakuwa amemtambua kwa sababu ya ndevu zile. Mujuni aliondoka hana.

"Hapa kila mtu ameandika habari zake," mzee akasema. "Subirini. Kijerumani changu ni cha mbao na misumari." Akasoma kimoyomoyo, midomo ikitembea, kisha kwa sauti. "'Nilitumwa nijifunze kuponya ng'ombe. Walitupeleka machinjioni tujifunze viungo. Siku moja wanyama mia tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina. Nilitoka nje nikatapika, na chuoni sikurudi. Sasa ninaosha mabehewa ya treni. Kwetu walinisindikiza kwa ngoma. Sijajua jinsi ya kuwaambia.'"

Nje mtu alikuwa anapita na baiskeli inayolia kwa kukosa mafuta.

"Ndiyo yote?" Jovita akauliza.

"Ndiyo yote."

Wengine wangedhani atalia. Jovita alipiga kofi juu ya meza hata chai ikamwagika.

"Mjinga yule," alisema. "Miaka mitatu. Mimi nalala naota theluji, kumbe yeye ananionea haya kwa sababu ya ng'ombe, hata jina langu kwenye kifurushi anamwandikisha mwenzake? Nani alimwambia nilizaa cheti?"

"Kijiji kitasema," Rwegasira akanong'ona. "Serikali itasema. Wamemsomesha."

"Waseme. Nitawajibu mimi. Tuna kamati ya maziwa, tuna ng'ombe wa kijiji wanaokufa kwa kupe kila masika, wanataka mtu anayewajali. Miaka mitatu ya masomo si bure. Huyo anajua kupe zaidi ya sisi sote hapa." Akamgeukia. "Na wewe Jumamosi utawaambia nini watu wa ukoo?"

Rwegasira alizungusha kikombe chake. "Watanicheka."

"Watakucheka, ndiyo."

"Watauliza nimejuaje kwamba yu hai, nami nitasema nimesikia mbuzi karani na nyani daktari, halafu mtoto akaita ng'ombe."

"Sema hivyo hivyo."

"Na watoto wangu wanaougua?"

Jovita hakuliona swali hilo kuwa la kijinga. "Tutawapeleka hospitali kesho tukifika nyumbani," alisema. "Mimi nitambeba mdogo. Mujuni hawezi kuwa anawasumbua, Ta. Yuko kazini, anaosha treni."

Rwegasira akacheka kwa pua, akajifuta macho kwa kiganja. Kisha akamwambia Shamsa, bila kumtazama, arudie ule mwisho. Ule wa kuita tu. Shamsa akatafuta mahali kwa sindano, mara mbili akakosea wakapigwa na mashine, mara ya tatu akapata. Wakasikiliza mara nne. Mara ya nne wateja walikuwa wamerudi, na mmoja wao, mtu wa Kitendaguro mwenye ng'ombe wake, alisema yule kijana anajua kuita, ila anaivuta mno ile ya mwisho.

"Ni ya baba yake," Jovita akasema.

Aliomba karatasi. Shamsa akachana mbili kwenye daftari lake la madeni, akampa na kalamu ya risasi. Jovita aliandika kama mtu anayepalilia, taratibu, akitazama nyuma kila neno kuona kama halikuacha magugu. Aliandika kwamba santuri imefika, kwamba wameisikiliza yote pande mbili, kwamba alipofika pale pa kisu aliogopa lakini hakutoka. Aliandika kwamba kibanja kipo na nyumba ipo, na kwamba mtu anayeosha mabehewa anaweza kuosha uso akaja nyumbani, hakuna atakayemwuliza kitu kabla hajala.

Rwegasira alikuwa anasogea kidogo kidogo kwenye benchi mpaka akafika ubavuni pake. Yeye hakwenda kisomo. Alisema hawezi kuketi darasa moja na wanawake, akabaki hivyo.

"Na mimi niandikie," alisema.

"Niandike nini?"

"Andika, baba yako mdogo anasema, ile santuri ni mbaya sana, inatisha watu." Akafikiri. "Lakini akitengeneza nyingine ailete mwenyewe, asitume. Na nanga aje ajifunze kwa watu. Anapiga kama anachuma maharage."

Jovita akaandika. Alipofika mwisho akamwuliza kama aongeze na salamu.

Rwegasira akasema aongeze.